Mkaa wa kopo, gesi ya kilo, umeme wa uniti: jiko lipi ni nafuu Dar es Salaam?

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Tangu hapo mjadala wa jiko umetoka kwenye semina za wataalamu na kuingia vibarazani Tandale, Buza na Mbagala, na umeingia huko na mkanganyiko wake. Tangazo la redioni linasema gesi ni nafuu, lakini jirani aliyeishiwa gesi katikati ya mwezi na kurudi kwenye mkaa anasema gesi ni ya wenye mishahara. Tanesco inasema umeme ndio rahisi kuliko vyote, wakati mwenye nyumba ameshatangaza kwamba mpangaji atakayeonekana na jiko la umeme atafute chumba kwingine. Kila mmoja wa hawa ana sababu yake, na kwa kiasi fulani kila mmoja anasema kweli.

Katika nchi za baridi, bajeti ya nyumba hugawanyika kati ya chakula na kupasha nyumba joto. Dar es Salaam haina mzigo huo wa pili. Hata kipupwe cha Juni hadi Agosti hakihitaji zaidi ya shuka zito. Moto wa kuota ni haja ya Makete, Njombe na Lushoto, ambako jiko la mkaa lililoingizwa kwenye chumba kilichofungwa limekwisha kuua watu kwa gesi yake isiyo na harufu. Pwani, moto ni wa chungu. Kwa sababu hiyo, swali la chakula cha bei nafuu na swali la moto wa bei nafuu ni swali moja, ingawa mijadala yetu huyatenganisha: wa sokoni wanazungumzia bei ya maharage, wa nishati wanazungumzia bei ya gesi, na hakuna anayeuliza maharage hayo yatakula moto kiasi gani kabla ya kuiva.

Mkaa ulivyofika hapa

Mkaa haukutawala majiko ya Dar es Salaam kwa sababu watu wanapenda masizi. Kwa miaka mingi jiko la mafuta ya taa lilikuwa mshindani wake halisi, hasa kwa mpangaji wa chumba kimoja na kwa chai ya alfajiri. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuwabana waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Lengo lilikuwa kulinda magari na mapato, lakini aliyeumia ni mpishi: jiko la utambi lilipoteza faida yake, na kwa kuwa gesi ilikuwa bado haijasambaa mitaani, wengi waliangukia kwenye mkaa. Sera ya barabarani ikawa imeamua cha kupikia jikoni.

Kabla ya hapo, Januari 2006, serikali ilijaribu kupiga marufuku mkaa moja kwa moja. Katazo lilidumu wiki chache tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandaa kitu cha kushika nafasi yake. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Dar es Salaam peke yake ilikuwa ikitumia takriban nusu ya mkaa wote wa nchi. Mji ambao sensa ya 2022 iliuhesabia watu 5,383,728 hauwezi kuzimiwa moto kwa tangazo. Makatazo ya sasa yana busara zaidi, kwa kuwa yameanza na taasisi: zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na zile kubwa zaidi Januari 2025. Taasisi ina bajeti, ina mhasibu, na inaweza kununua mtungi mkubwa kwa hundi moja. Kaya ya Chamazi inayoishi kwa kipato cha siku haina hata kimoja kati ya hivyo, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Kopo, kilo na uniti

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni kwamba nishati hizi tatu zinauzwa kwa vipimo visivyozungumza lugha moja. Mkaa huuzwa kwa kopo, kisado au gunia ambalo uzito wake hutegemea mti, unyevu na mkono wa mfungaji. Gesi huuzwa kwa kilo. Umeme huuzwa kwa uniti. Mnunuzi anayelinganisha kopo la 2,000 na mtungi wa 24,000 hawezi kupata jibu lingine isipokuwa kwamba mkaa ni rahisi, kwa sababu anachokilinganisha ni ukubwa wa malipo. Nguvu ya moto inayoingia kwenye sufuria haionekani popote katika hesabu hiyo.

Tuulinganishe moto wenyewe. Kilo ya mkaa ina nishati nyingi, lakini jiko la kawaida la bati hupoteza zaidi ya robo tatu yake pembeni na chini. Kilo ya gesi ina nishati kama mara moja na nusu ya mkaa, na jiko lake hufikisha zaidi ya nusu kwenye chungu. Ukizidisha na kugawanya, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya karibu kilo nne za mkaa kwenye jiko la bati, au kilo mbili na nusu hadi tatu kwenye jiko banifu lenye udongo ndani. Kanuni hii ina faida ya kutoharibika bei zinapobadilika: kama kilo ya mkaa inauzwa zaidi ya robo ya bei ya kilo ya gesi, mwenye jiko la bati anapata hasara kwa kupikia mkaa. Mtungi wa kilo 6 ukiwa 24,000, kilo ya gesi ni 4,000 na mstari wa mpaka ni mkaa wa 1,000 kwa kilo. Anayenunua kwa kopo na akawa na mizani ya kupimia atagundua mara nyingi kwamba ameshauvuka mstari huo, hasa wakati wa masika, njia za Rufiji, Kilosa na Handeni zinapojaa matope na tanuri kulowa.

Umeme hutoa jibu la kushangaza zaidi. Kazi ya kilo moja ya gesi hufanywa na uniti kama 10 kwenye jiko la kawaida la umeme, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ni sawa na uniti 60 hivi. Mteja wa Tanesco aliye kwenye daraja la matumizi madogo, D1, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na akiongezewa VAT na tozo za REA, wakala wa nishati vijijini, na EWURA, mdhibiti wa nishati, hufika 122. Uniti 60 kwake ni shilingi 7,320. Aliye kwenye daraja la kawaida, T1, hulipa 292, au karibu 356 pamoja na kodi, na uniti hizo hizo zitamgharimu kama 21,360. Kwa maneno mengine, kwa mteja wa D1 umeme hauna mpinzani, na hata kwa mteja wa T1 hauko mbali na gesi. Hesabu hii husababisha ubishi kila inapotajwa, kwa sababu imani kwamba jiko la umeme hula luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ilijengeka kabla watu hawajaanza kupima majiko mengine kwa kipimo hicho hicho.

Nguvu na udhaifu wa mkaa

Wanaoutetea mkaa husema mambo matatu. La kwanza, ladha, siwezi kulibishia na sioni haja; wali wa kupaliliwa makaa juu ya mfuniko una watu wake. La pili ni kwamba mkaa unavumilia: ukishawaka, makande au maharage hukaa saa mbili au tatu bila mtu kusimama hapo. Hili ni kweli, na ndilo linalowafanya hata wenye gesi wabaki na jiko la mkaa uani. Lakini linabeba gharama iliyojificha. Vyakula vinavyosifiwa kuwa nafuu sokoni, yaani maharage, kunde, makande na makongoro, ndivyo vinavyokula moto mwingi zaidi. Dagaa na mchicha huiva kwa dakika chache. Kwa hiyo bei ya maharage si ile aliyosema mchuuzi wa Tandika peke yake. Iongezee mkaa wa saa mbili, na pengo lake na samaki wadogo wa Feri linaweza kupungua sana.

La tatu ndilo zito: mkaa unapatikana kwa fedha kidogo, kila mtaa, bila mtungi, bila luku, bila dhamana. Mtu aliyepata 6,000 kutoka kibaruani anaweza kutoa mkaa, unga, mafuta ya kupima na nyanya za fungu humo humo na abakiwe na nauli ya kesho. Hakuna nishati nyingine inayomheshimu mtu wa kipato cha siku kwa kiwango hicho. Kosa la watetezi wake ni kudhani kwamba kupatikana kwa kidogo kidogo ni sawa na kuwa rahisi. Mkaa wa kopo ni ghali kuliko mkaa wa gunia, na muuzaji wa kopo ana haki ya faida yake kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga mtaji wake kwenye gunia. Mnunuzi anachomlipa, zaidi ya mkaa, ni riba ya mkopo ambao hakujua kwamba ameuchukua.

Halafu kuna afya. Serikali hutaja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia. Kuna watakaosema kuwa takwimu hiyo inawahusu zaidi wapikia kuni wa vijijini, kwani mkaa hauna moshi unaoonekana. Pingamizi hilo lina nusu ya ukweli: mkaa hutoa moshi mdogo kuliko kuni, lakini sumu yake isiyoonekana ni nyingi zaidi, na katika nyumba ya vyumba sita ambayo kila mpangaji anapikia koridoni mvua ikinyesha, hewa hiyo haina pa kwenda.

Nguvu na udhaifu wa gesi

Gesi ndiyo iliyobeba bendera ya kampeni. Oryx, Taifa Gas, Lake Gas na wenzao wamefika hadi Toangoma na Bunju, na REA imekuwa ikitoa mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku. Ni ya haraka, ni safi, na kwa hesabu ya hapo juu inaushinda mkaa wa kopo. Inafaa zaidi asubuhi: kuwasha jiko zima la mkaa kwa ajili ya birika moja la chai ni ubadhirifu ambao watu wengi wameshaugundua wenyewe, ndiyo maana wengine hununua chai na mihogo kwa mama wa barazani na kuona wameokoa. Wameokoa kweli.

Udhaifu wake ni ule wa kimtaji. Ruzuku imewekwa kwenye mtungi, ambao hununuliwa mara moja, wakati mzigo uko kwenye kujaza, ambako hurudi kila mwezi. Familia inaweza kupewa mtungi bure na ikashindwa kutoa 24,000 kwa mkupuo, ikauweka mvunguni kama pambo. Mitungi ya kilo 3 na mita za kulipia gesi kadiri unavyotumia, teknolojia iliyoanzishwa Dar es Salaam na kampuni ya KopaGas na kununuliwa na Circle Gas mwaka 2020, zilikuwa jaribio la kweli la kutibu jeraha hilo, kwa sababu ziliipa gesi tabia ya kopo. Kuna pia swali la uaminifu wa uzito. Kanuni zinamtaka muuzaji awe na mizani dukani. Mnunuzi asiyedai mtungi upimwe mbele yake ananunua kwa imani.

Na kuna dhana inayostahili kusahihishwa, kwamba tukishakuwa na gesi ya Songo Songo na Mtwara, mtungi ungepaswa kuwa wa bei ya kutupa. Gesi ya mtungi siyo hiyo. Ya mtungi huingizwa kwa meli kutoka nje na kufuata bei ya dunia na ya dola. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, husafiri kwa bomba na sehemu yake kubwa huzalisha umeme. Nyumba zilizounganishwa na TPDC, shirika la mafuta la taifa, katika maeneo kama Mikocheni bado ni chache mno kubadili hesabu ya Mbagala. Kwa hiyo, kwa mkazi wa Mbagala, gesi ya nchi hii hufika nyumbani ikiwa imevaa nguo ya umeme.

Umeme, na ugomvi wa luku moja

Hapa ndipo penye utajiri wa swali zima, na ndipo panapozungumzwa kidogo kuliko kote. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilikamilika mwaka 2025, na hoja ya uhaba wa umeme imepungua nguvu, ingawa kukatika kwa sababu ya nguzo na transfoma kungalipo. Taasisi ya TaTEDO ya Dar es Salaam, ikishirikiana na mpango wa utafiti wa MECS wa Uingereza, imekuwa ikipima mapishi ya Kitanzania kwenye sufuria za presha za umeme. Faida yake kubwa iko kwenye vyakula vile vile vinavyoumaliza mkaa: chungu cha maharage hakifiki uniti moja. Hata kwa bei ya T1, hiyo ni chini ya shilingi 356, na mpishi anaweza kuwa sokoni wakati yanaiva. Maharage yakilowekwa usiku, moto unapungua tena, kwa nishati yoyote ile.

Kwa nini basi hayo hayatokei? Sababu ya kwanza ni bei ya kifaa chenyewe, ambayo kwa mpangaji inaweza kukaribia kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Ya pili ni kikomo cha uniti 75. Hizo ni uniti mbili na nusu kwa siku. Friji ndogo peke yake hula moja au zaidi. Anayetaka friji na jiko la umeme kwa pamoja atatoka kwenye D1, na akitoka, kila uniti ya nyumba hiyo inapanda, pamoja na ile ya taa. Ya tatu ndiyo kubwa: katika nyumba za kupanga za Manzese, Tandale na Yombo, luku huwa moja kwa familia nne, tano au zaidi. Familia hizo, kila moja ikiwa ni ya matumizi madogo kwa kila kipimo, zikijumlishwa kwenye mita moja huonekana kama mteja mkubwa na kulipa bei ya T1. Mchango wa umeme hugawanywa kwa vichwa au kwa vyumba, hivyo mwenye jiko la umeme huonekana anakula haki ya wenzake hata kama anatumia uniti moja kwa siku. Mwenye nyumba anayepiga marufuku majiko hayo si mkatili. Nyaya za nyumba yake huenda haziwezi kubeba majiko matano kwa wakati mmoja, na amechoka kusuluhisha ugomvi wa kila jioni. Tusisahau kwamba tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo kwenye luku, kwa hiyo wapangaji wanamlipia mwenye nyumba kodi yake bila risiti.

Sokoni: ushauri wa kununua jumla

Wanaosema tatizo si jiko bali ni tabia ya kununua rejareja wana ushahidi pia. Mchele wa gunia Tandale, ndizi za Mabibo, vitunguu vya Ilala na mafuta ya dumu ni rahisi kwa kila kipimo kuliko vya genge la mtaani. Lakini ushauri huu hutolewa kana kwamba safari ni bure. Baada ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, kupandisha nauli mwishoni mwa 2023, daladala ya umbali mfupi ni 600. Kwenda na kurudi ni 1,200, na anayetoka Chamazi ndani au Boko hupanda zaidi ya gari moja, kisha bodaboda kwa sababu ya mzigo. Kwa kilo mbili za mchele, nauli inameza akiba yote. Kwa kilo 50 inalipa. Mtu wa katikati, anayeweza kununua kilo tano, ni afadhali aende kwa mangi wa jirani na asione haya.

Pingamizi la pili watu hulisema kwa mzaha, lakini lina ukweli: kikiwepo kinalika. Gunia likiwa ndani, kipimo cha kupikia hukua, wageni huongezeka, na kumnyima jirani kikombe cha unga ni aibu. Ununuzi wa kila siku ni ghali, lakini una nidhamu ya ndani. Njia inayoelekea kushinda pingamizi zote mbili ni ile ambayo wanawake wa mitaa hii tayari wanaijua kwa ajili ya vyombo na ada za shule: upatu na vikoba. Wanne wakigawana gunia wanapata bei ya jumla, nauli wanaichangia, na hakuna anayebaki na shehena ndani. Mzunguko huo huo unaweza kulipia kujaza gesi au kununua sufuria ya presha, na kwa sufuria mantiki ni nzuri zaidi kuliko kwa mchele, maana haiishi.

Uzito wa kila upande

Nikizipima hoja hizi, sioni jiko moja la kuwafaa wote, lakini naona mpangilio. Mwenye luku yake aliye kwenye D1 na asiye na friji anafanya kosa la fedha akiendelea kupikia mkaa. Mpangaji wa luku ya pamoja anayepata kipato cha mwezi au wiki yuko salama zaidi kwenye gesi, na jiko banifu la mkaa kwa maharage, yakiwa yamelowekwa. Mwenye kipato cha siku ataendelea na mkaa, na kumhubiria ni kupoteza muda. La maana kwake ni jiko banifu, ambalo kwa bei ndogo linapunguza mkaa kwa theluthi hivi, na mwenzake wa kugawana gunia. Mkaa mbadala kama Rafiki Briquettes za STAMICO, shirika la madini la taifa, nao una nafasi, ingawa unatokana na makaa ya mawe na haupaswi kusifiwa kama hauna moshi wala madhara.

Kwa upande wa serikali, mizani inaegemea upande mmoja waziwazi. Fedha inayopelekwa kwenye mitungi ingefika mbali zaidi mjini kama sehemu yake ingegharimia mita ndogo za kila chumba, au kama kikomo cha uniti 75 kingehesabiwa kwa kaya badala ya mita. Watakaopinga watasema Tanesco itapoteza mapato na wenye nyumba watadanganya idadi ya wapangaji. Hatari ya pili ni ya kweli, lakini serikali za mitaa na mabalozi wa nyumba kumi wanajua nani anaishi wapi. Na kuhusu mapato, utaratibu wa leo tayari unatoa ruzuku. Unampa mwenye nyumba anayeishi na mkewe tu Bunju uniti ya 122, huku familia tano za chumba kimoja kimoja Manzese zikilipa 356 kwa uniti ile ile.